Msimu wa korosho haungoji sasisho

Kuanzia Juni hadi Agosti simu yangu haipumziki. Wauzaji wa mifumo wanajua kuwa kampuni nyingi za huku Kusini hupanga bajeti kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, basi hiyo ndiyo miezi yao ya kupiga hodi. Mmoja anataka tuhamishie kila kitu kwenye klaudi, yaani kwenye kompyuta za kampuni kubwa zilizo mbali, tunazozifikia kwa intaneti. Mwingine ana akili unde itakayotusomea mikataba. Mwingine anasema tusipobadilisha kompyuta zote mwaka huu, wadukuzi watatumaliza. Wanakuja na slaidi nzuri, maelezo yamenyooka, na mengi wanayoyasema ni ya kweli. Ila wachache sana kati yao wamewahi kusimama ghalani mwezi wa kumi, malori yamepanga foleni hadi barabarani na mtandao umekata tangu asubuhi.

Ninasimamia TEHAMA katika kampuni ya huduma za maghala. Ofisi kuu ipo Mtwara mjini, na maghala yetu yapo hapa mjini, Masasi, Newala na upande wa Lindi. Tunapokea korosho ghafi kutoka vyama vya msingi, tunapima, tunatunza, mzigo ukishauzwa mnadani tunamkabidhi mnunuzi. Baadhi ya vyama hivyo vya ushirika, AMCOS kama tunavyoviita, tunavitunzia pia kumbukumbu za wakulima wao. Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wanaopewa kazi kama yangu mikoani. Nawaona wanapata cheo, wanapata laptopu, halafu hakuna wa kuwaambia kwamba kila teknolojia inayoletwa mezani inapaswa kuulizwa kwanza swali moja: siku itakapozimika katikati ya msimu, nani ataumia, na nani yupo karibu wa kuiwasha?

Anayeumia huku anajulikana. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/2008, na tangu hapo fedha ya mkulima inafuata karatasi. Uzito usipothibitishwa ghalani hakuna stakabadhi, bila stakabadhi mzigo hauingii mnadani, na bila mnada hakuna malipo. Malipo yenyewe ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo deni la dukani lililobebwa tangu kiangazi. Kompyuta ya mizani ikigoma saa nne asubuhi, lori linalala. Lori likilala, gharama inaongezeka, na mzigo unaweza kukosa mnada wa wiki hiyo. Mkulima aliyepo Kitangari hajui seva ni nini, wala hana sababu ya kujua. Anachojua ni kwamba wenzake wameshalipwa, yeye bado.

Uamuzi mzito kuliko yote niliyoshiriki ulikuwa huo wa klaudi. Menejimenti ilikuwa imeshakubali moyoni, na hoja zao hazikuwa nyepesi. Seva yetu, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa za kampuni, ilikuwa imezeeka. Chumba chake kinakula umeme wa kiyoyozi mchana na usiku. Na umeme wenyewe, anayekaa huku anaujua: kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea mitambo ya gesi iliyopo hapahapa. Mtambo mmoja ukipata hitilafu, mikoa miwili inaingia kwenye mgawo. Jenereta letu lilikuwa linanywa dizeli wiki nzima ili seva tu isizime. Mkurugenzi aliuliza swali la haki kabisa, kwamba kwa nini tusiwaachie Microsoft au Amazon kazi ya kuwasha majenereta.

Kisha ikaja Mei 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, mvua zikamwagika, na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Kilwa, eneo la Somanga. Vipuri vya swichi za mtandao tulivyoagiza vikakwama njiani pamoja na abiria. Maji hayajakauka vizuri, tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zikakatika katika bahari ya Afrika Kusini. SEACOM tayari ilikuwa na jeraha jingine tangu Februari kule Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini ilikuwa imeshafinywa kabla ya ile ya kusini kufa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ndani ya mwezi mmoja Mtwara tukakatwa nchi kavu na baharini.

Wakati huo barua pepe zetu na sehemu ya hesabu zilikuwa zimeshahamia kwenye klaudi kwa majaribio. Vituo vikubwa vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020. Yaani taarifa zetu zilikuwa salama, zinalindwa vizuri, zina umeme, isipokuwa zipo upande wa pili wa nyaya zilizokatika. Mhasibu mkuu alikaa mbele ya skrini akiangalia kiduara kinazunguka. Kule Masasi, kompyuta ya ghala iliyokuwa na kumbukumbu zake ndani yake yenyewe iliendelea kuchapa ripoti kama vile hakuna kilichotokea. Bahati njema korosho zilikuwa zimekwisha, ufuta ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kuingia.

Tulipokutana baada ya mtandao kutengemaa, mkurugenzi akaniuliza, "Kwa hiyo unatushauri tusiende?"

Nikamjibu, "Twende, bosi. Ila mizani ibaki nyumbani."

Mkuu wa ghala la Masasi alikuwepo kwenye kikao hicho. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, amepokea korosho tangu enzi za vitabu vya kaboni, na ndiye mtu aliyenifundisha kazi hii zaidi ya kozi yoyote niliyosoma. Akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi nina kitabu. Kompyuta ikifa naandika kitabuni, lori linaondoka. Hicho mnachotaka kukileta, siku kikifa, kitaniachia kitabu changu?"

Swali lile ndilo lililochora mfumo tulionao leo. Kila ghala lina kompyuta ndogo isiyo na feni, imefungwa ndani ya kabati. Lori likipanda mizani, uzito unaandikwa kwenye kompyuta hiyo kwanza, na karatasi inachapwa hapohapo. Mtandao ukiwepo, rekodi inakwenda Mtwara na kutoka hapo inapanda klaudi. Usipokuwepo, rekodi zinasubiri kwenye foleni kwa mpangilio wake. Kila ghala lina herufi zake mwanzoni mwa namba ya risiti, ili maghala mawili yaliyokatika mtandao kwa wakati mmoja yasitoe namba inayofanana. Na kitabu cha mzee kipo. Umeme na betri vikifa vyote, karani anaandika kitabuni, halafu namba ya ukurasa wa kitabu inaingizwa kwenye mfumo pamoja na uzito, sehemu maalumu tuliyoitengeneza kwa ajili hiyo. Mkaguzi akija anafuata namba hadi kwenye karatasi yenye sahihi ya dereva.

Barua pepe, mishahara, hesabu za mwezi na nakala rudufu vyote viko klaudi, na nafurahi kuwa viko huko. Barua pepe ikilala siku mbili watu wananung'unika. Mizani ikilala siku mbili watu wanakosa fedha. Tulipoweka mstari pale, mabishano mengi yakaisha yenyewe.

Msimu uliofuata, ghala la Newala lilikosa mtandao kutwa nzima kwenye siku yenye mzigo mwingi. Nilikuwa Mtwara, naangalia skrini yangu, Newala iko kimya. Nikampigia karani, dada mmoja mwepesi wa kazi, nikamuuliza hali. Akasema, "Tunapima tu, kaka. Kwani kuna shida?" Usiku mtandao uliporudi, rekodi zote ziliingia zenyewe, tukalinganisha na vitabu, zikakubaliana.

Ndio msimu huohuo, wa 2024/2025, minada ya korosho ilipohamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Zamani mnunuzi alitumbukiza zabuni kwenye boksi, wakulima wakakaa kusubiri zifunguliwe na kusomwa. Sasa bei zinashindanishwa kwenye kompyuta na kila mtu anaziona kwenye skrini. Napenda mabadiliko hayo, yameleta uwazi. Kwetu sisi wa maghalani yameongeza uzito wa jambo moja: taarifa za mzigo uliopo ghalani lazima ziwe zimekamilika na ni sahihi kabla ya mnada, na hakuna tena mtu wa kukimbia na karatasi dakika ya mwisho. Asiyeelewa hilo atakuambia kuwa mtandao wa ghalani ni anasa.

Nirudi kwenye kompyuta zenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama, yale ya bure. Tarehe hiyo ilipangwa huko Marekani, na hakuna aliyewaambia kuwa Oktoba ndio mwezi ambao korosho zinaanza kumiminika maghalani Mtwara. Kwa meneja wa TEHAMA wa huku ni kama kuambiwa ubadilishe paa la nyumba masika.

Tulianza kuhesabu mapema. Kompyuta nyingi za ofisini hazikuweza kupokea Windows 11, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Za Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Njia za kutokea zilikuwa kununua mpya, au kulipia huduma ya ziada ya masasisho ya usalama, ambayo kwa makampuni ilitangazwa kwa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na bei inajirudufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Ukijumlisha miaka yote mitatu ni dola 427 kwa mashine kuukuu. Kwa fedha hiyo unapata mashine nyingine.

Wapo waliotaka tubadilishe zote kwa mkupuo, na wapo waliosema tuziache tu, mbona zinafanya kazi. Sisi tukazigawa kwa kuangalia kila mashine inagusa nini. Zinazofungua barua pepe na kuingia kwenye benki zilibadilishwa zote, na kazi ikakamilika kabla Agosti haijaisha. Chache ambazo programu zake zilikuwa bado hazijathibitishwa tukazilipia mwaka mmoja tu. Zikabaki zile za mizani. Kichwa cha mizani yetu ya zamani kinazungumza na kompyuta kupitia kebo ya siriali, aina ya zamani, na programu yake iliandikwa na fundi ambaye hafanyi tena kazi hiyo. Ukiihamishia kwenye Windows mpya inakataa kusoma uzito. Mizani yenyewe ni nzima, inapimwa na kugongwa muhuri na wakala wa vipimo kila inapotakiwa, na kununua nyingine ni fedha nyingi. Tukaiondoa mashine ile kwenye mtandao kabisa. Haina intaneti, haina barua pepe, tundu za flashi tumeziziba. Kifaa kidogo kinachukua namba ya uzito kutoka kwenye ile kebo na kuipeleka upande mmoja tu, kwenda kwenye kompyuta mpya. Hakuna kinachorudi. Mdukuzi anayetaka kuifikia itabidi apande basi la Masasi.

Kwenye ununuzi huohuo kuna jambo ambalo halimo kwenye jarida lolote la teknolojia nililowahi kusoma. Ghala letu la mjini liko karibu na bandari. Siku moja nilifungua swichi iliyokuwa inapoteza mawasiliano ovyo, nikaitazama kwa tochi: zile pini ndogo za shaba ndani ya matundu ya kebo zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, na ukikigusa kiunganishi cha kebo kinaacha unga kwenye kidole. Ni chumvi ya bahari. Kwenye maghala ya ndani adui ni mwingine, vumbi la maganda na nyuzi za magunia ya katani zinazoingia kwenye feni hadi zinatengeneza kitu kama pamba, kompyuta inachemka na kuzima. Toka hapo vigezo vyetu vya manunuzi vina maneno ambayo wauzaji huyaruka: kabati lenye mpira wa kuzuia hewa, kompyuta isiyo na feni, kebo za akiba zilizofungwa kwenye nailoni. Kasi ya prosesa ipo chini kabisa ya orodha. Muuzaji mmoja aliniambia kwa bei hiyo ningepata mashine yenye kasi mara mbili. Karani wa mizani anaandika namba sita na jina la dereva. Kasi hiyo ataipeleka wapi?

Julai 2024 dunia nzima ilipata somo ambalo kwa sisi wenye vituo vya mbali lilikuwa na uzito wa pekee. Tarehe 19 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta takribani milioni 8.5 za Windows zikagoma kuwaka. Viwanja vya ndege vikasimama, hospitali zikarudi kwenye kalamu. Sisi hatukuwa tunatumia programu yao, kwa hiyo hatukuguswa. Lakini nilisoma kwa makini namna walivyojikwamua: faili moja lilipaswa kufutwa, na kwa mashine nyingi mtu alilazimika kwenda kukaa mbele yake, aiwashe kwa njia ya dharura, alifute kwa mkono. Mashine moja moja. Nikafikiria Newala kipindi cha mvua. Nikafikiria sisi ni watu wachache mno kwenye kitengo, na gari ni moja.

Yakatoka mambo mawili pale. Kwanza, hakuna sasisho linalokwenda maghala yote siku moja. Linaanza ofisini Mtwara, likikaa siku kadhaa linakwenda kwenye ghala moja, kisha ndipo mengine. Na kuanzia tarehe mosi Oktoba hadi mnada wa mwisho hatugusi kitu maghalani, isipokuwa tundu la hatari la usalama ambalo haliwezi kusubiri, na hilo linahitaji sahihi yangu na ya mkuu wa ghala husika. Mwanzoni menejimenti waliona naweka urasimu. Wakuu wa maghala ndio walionitetea.

Jambo la pili ndilo ninalolijali zaidi. Tuliacha kuwachukulia makarani kama watumiaji wa kawaida wa mfumo. Tukawafundisha kufungua kabati, kutambua taa ipi ni ya umeme na ipi ya mtandao, kubadilisha kebo, kuwasha mashine kwa njia ya dharura, kurudisha nakala kutoka kwenye diski ya akiba iliyopo palepale. Mafunzo yalifanyika kwa Kiswahili, vifaa viko mezani, kila mmoja anafungua na kufunga mwenyewe. Tukabandika karatasi ya hatua ndani ya mlango wa kabati. Tukaomba pia posho yao iongezwe, kwa sababu huwezi kumpa mtu jukumu la fundi ukamlipa kama mwandishi wa namba. Ombi lilikubaliwa nusu, na kila mwaka narudi na nusu iliyobaki. Yule dada wa Newala leo anaweza kurudisha ghala zima kazini bila kunipigia simu, na wapo mafundi wenye shahada waliokuja kwenye usaili wetu wasioweza.

Suala la VMware, programu inayoiwezesha seva moja kufanya kazi kama seva kadhaa, nitalipitia haraka. Broadcom waliinunua kampuni inayoitengeneza Novemba 2023 kwa dola bilioni 69, na mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kulipia kwa kipindi, tena kwa vifurushi. Tulipopata bei mpya tukaona kuwa kwa seva chache kama zetu haina maana. Tukahamia Proxmox, programu ya kazi hiyohiyo ambayo ni ya chanzo huria, yaani unaweza kuitumia bila kununua leseni, kazi iliyofanyika Machi wakati maghala yametulia. Kijana wetu mmoja ndiye aliyeisoma na kuisimamia, na nilihakikisha mwenzake wa pili anaijua kwa kiwango hichohicho, kwa sababu vijana wazuri wa huku wanachukuliwa na Dar es Salaam kila siku na huwezi kuwalaumu.

Sasa akili unde. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hakuna kikao cha bajeti kilichopita bila mtu kuuliza tunaitumiaje. Jibu ni kwamba watu walishaanza kuitumia kabla sisi hatujaamua. Afisa mmoja alikuwa anaandikia barua kwa wanunuzi wa nje, zinatoka safi kabisa. Halafu nikakuta mwingine amebandika humo orodha ya wakulima, majina na namba za simu, ili aipange kwa alfabeti. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumaliza kazi mapema.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake. Sheria hiyo inaweka masharti hata kwenye kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mkulima aliyempa katibu wa chama namba yake ya simu na akaunti ya benki aliitoa ili alipwe korosho zake, basi. Sikupiga marufuku, kwa sababu marufuku ingewafanya wafiche. Tuliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: barua, tafsiri na fomula za hesabu, ruhusa; jina, simu, akaunti au uzito wa mkulima yeyote, hapana, hata kimoja. Na kazi ya kupanga orodha tukaiwekea kitufe ndani ya mfumo wetu, kwani sababu ya kuzitoa nje ilikuwa ni kukosa kitufe hicho.

Kuna pendekezo lililonikosesha usingizi zaidi ya hilo. Muuzaji alikuja na zana ya akili unde ya kusafisha daftari la wakulima. Tatizo lenyewe ni la kweli. Jina moja linaandikwa Hadija, Khadija na Hadidja. Zainabu anakuwa Zenabu. Mtu anasajiliwa kwenye pembejeo kwa jina la baba, kwenye mauzo kwa jina la babu. Zana yake ingepitia daftari zima, itambue waliojirudia, iwaunganishe. Tukaijaribu palepale ofisini kwenye kompyuta yetu, kwa daftari la zamani tulilolitoa namba za simu na akaunti. Ilifanya kazi ya ajabu kwenye tahajia. Kisha tukampigia katibu wa chama kimojawapo, tukamsomea waliounganishwa. Akatusimamisha mapema sana. "Hao si mtu mmoja hao. Huyo ni baba na huyo ni mwanawe, mashamba yamepakana." Tukaendelea kidogo, akatusimamisha tena: mke na mke mwenza, jina la kwanza moja, mume mmoja, kila mmoja na mikorosho yake.

Wanakijiji wanajuana. Kwenye kompyuta watu hao wanafanana kwa kila kitu kinachoandikika. Laiti tungeiruhusu iunganishe yenyewe, kuna mama angelima, akapulizia salfa, akaokota, akapeleka mzigo chamani, halafu malipo yake yakaingia kwenye akaunti ya mke mwenzie. Nani angekwenda kuliamua hilo, na kwa ushahidi gani? Tuliinunua zana ile, lakini kwa sharti kwamba haiunganishi mtu. Inatoa orodha ya kushuku, orodha inakwenda kwa katibu, katibu anathibitisha na wanachama wenyewe, kisha ndipo daftari linabadilishwa, na jina la aliyethibitisha linabaki kwenye kumbukumbu. Muuzaji alisema tunaiondolea kasi yake. Ni kweli tunaiondolea. Daftari la wakulima halina haraka kiasi hicho, na kiangazi chote kipo.

Kwa sasa mezani kuna pendekezo jipya, kamera za kuhesabu magunia yanayoshushwa, ili karani asiwe anahesabu makuli wanapopita mlangoni. Mkurugenzi ameipenda. Mimi pia nimeona inaweza kusaidia, hasa kwenye ubishi wa gunia moja au mawili kati ya dereva na ghala, ubishi unaokula saa nzima. Wasiwasi wangu ni mwanga. Alasiri jua linaingia moja kwa moja kwenye mlango wa ghala la Masasi, na vumbi likipanda hata jicho la mtu linapotea. Nimekubali ijaribiwe kwenye ufuta, ghala moja, karani akiwa palepale anahesabu kama kawaida yake, hesabu zote mbili ziandikwe sambamba na mzee wa ghala asaini kila jioni. Muuzaji alitaka tuanze na korosho moja kwa moja, Oktoba, maghala yote, ili matokeo yaonekane haraka. Nimemjibu kwa maandishi kwamba Oktoba hatugusi kitu, na kwamba kamera zake ziwe zimefika Mtwara kabla ya mwisho wa Mei.